Orodha ya Mabilionea ya Forbes: Tathmini ya Safu Moja

Kila mwaka, majira ya Machi na Aprili, jarida la Forbes la Marekani hutoa orodha ya watu ambao ukwasi wao umefikia dola bilioni moja au zaidi, na kwa siku mbili tatu magazeti yetu, redio zetu na vijiwe vyetu vya kahawa huwa havina habari nyingine. Toleo ninalolitathmini hapa ni la 2025, lenye majina 3,028 na jumla ya dola trilioni 16.1, ingawa nimelisoma nikiwa nimefungua pembeni matoleo ya zamani, kwa kuwa swali langu halijibiwi na toleo moja. Kila mstari wa orodha hiyo una nafasi, jina, kiasi cha utajiri, umri, nchi, chanzo cha utajiri na sekta. Ninayotaka kuipima ni safu ya nchi, kwa sababu ndiyo inayokimbiliwa na wasomaji, ndiyo inayozaa vichwa vya habari kuhusu taifa lililopanda na lililoshuka, na kwa maoni yangu ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa kuliko nyingine zote.

Nianze na sifa, maana zipo. Orodha inasomeka bila taabu hata kwenye simu ya kawaida, majina yanaweza kuchujwa kwa nchi, na kila mtu ana ukurasa wake mfupi unaoeleza alikotoa mali, uraia wake na mahali anapoishi. Ipo pia orodha ya kila siku, inayofuata bei za hisa masoko yanapokuwa wazi, kwa wale wasioweza kusubiri mwaka mzima. Zaidi ya yote, tarehe ya hesabu hutajwa waziwazi: toleo la 2025 lilitumia bei za hisa na viwango vya kubadilishia fedha vya tarehe 7 Machi. Wasomaji wengi huiruka tarehe hiyo, na kwa kuiruka hupoteza nusu ya maelezo ya kwa nini bendera zinabadilika.

Msomaji wa Kiswahili ana kikwazo kimoja kabla hajafika kwenye safu ya nchi, nacho ni neno lenyewe. Juni 2020, Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani, aliiuzia Serikali ya Tanzania mawe mawili ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.74, na tangu siku hiyo anaitwa bilionea Laizer, kwa haki kabisa, kwa sababu shilingi ni fedha na bilioni ni bilioni. Kwa dola, malipo yale yalikuwa kama milioni 3.4. Mlango wa Forbes unataka takribani shilingi trilioni mbili na nusu, na Mtanzania aliyeupita katika toleo la 2025 ni mmoja, Mohammed Dewji wa kampuni ya MeTL, ambaye wapenzi wa Simba humwita Mo na ambaye orodha ya Afrika ya 2025 ilimkadiria dola bilioni 2.2. Kwa hiyo mtu akichuja orodha kwa neno Tanzania, atapata mstari mmoja. Nchi ya mstari mmoja haina takwimu. Ina mtu, na mtu huyo akiuza, akihama au akipata hasara, nchi nzima itaonekana imetoweka.

Toleo la kwanza la dunia nzima lilitoka 1987 likiwa na majina 140 tu. Kiti cha kwanza kilikaliwa na Yoshiaki Tsutsumi wa Japani, mwenye reli, mahoteli na ardhi katika kundi la Seibu, akikadiriwa kuwa na dola bilioni 20. Karibu naye alikuwa Mjapani mwingine, Taikichiro Mori, aliyekuwa mwalimu wa uchumi chuo kikuu kabla ya kujikita kwenye majengo ya kupangisha jijini Tokyo, na ambaye 1991 na 1992 alikikalia kiti hicho yeye mwenyewe. Kijana aliyezaliwa zama za simu janja, ambaye kwake tajiri namba moja ni lazima awe na kampuni ya programu au ya roketi, atashangaa kuona kwamba dunia iliwahi kuongozwa na wenye viwanja.

Waliopandishwa na viwanja hivyo walipandishwa pia na fedha ya kwao. Baada ya makubaliano ya Plaza ya Septemba 1985, ambamo mataifa matano tajiri yaliafikiana kuishusha dola, thamani ya dola ilishuka kutoka takribani yen 240 hadi karibu 150 ndani ya miaka miwili, kwa hiyo tajiri wa Tokyo ambaye hakuongeza hata kibanda kimoja alionekana, kwa hesabu ya dola, ameongeza zaidi ya nusu ya mali yake. Juu ya hapo bei za ardhi na hisa zilipaa hadi Nikkei, fahirisi ya soko la hisa la Tokyo, ikafika 38,915 siku ya mwisho ya biashara ya 1989, kisha ikaporomoka, na haikukiona tena kimo hicho hadi Februari 2024. Hapa nakiri kwamba nilikuwa na maelezo mepesi kichwani, kwamba Wajapani walishushwa na kushuka kwa yen, mpaka nilipoweka matoleo mawili sambamba na kuona kwamba Machi 2025 dola moja ilikuwa inabadilishwa kwa yen karibu 150, kiwango kilekile cha 1987. Yen ilizunguka ikarudi ilipotoka, lakini wenye ardhi hawakurudi nayo. Mjapani aliyeongoza wenzake katika toleo la 2025, Tadashi Yanai, anauza nguo za Uniqlo. Tsutsumi alikamatwa 2005 kwa makosa yanayohusu hisa za kampuni yake na akahukumiwa kifungo cha nje. Neno Japani limebaki kwenye safu, ila watu waliolisimamia na kazi wanayoifanya si wale tena.

Miaka ya Bill Gates, iliyoanza 1995, naipita haraka. Kiti cha kwanza kiliandikwa Marekani mfululizo hadi 2009, Warren Buffett akikikalia mwaka mmoja wa 2008, na safu isiyobadilika haina mengi ya kufundisha.

Toleo la 2008, hata hivyo, ningemshauri mtu alisome hata kama hatasoma jingine. Kati ya watu kumi wa kwanza wanne walikuwa Wahindi: Lakshmi Mittal wa chuma katika nafasi ya nne, ndugu wawili Mukesh na Anil Ambani katika ya tano na ya sita, na K. P. Singh wa majengo katika ya nane. Wamarekani walikuwa wawili tu. Waliobaki walikuwa Carlos Slim wa Mexico, Ingvar Kamprad wa Sweden, Oleg Deripaska wa Urusi na Karl Albrecht wa Ujerumani, yaani mataifa sita katika mistari kumi. Moscow ilikuwa na mabilionea 74 na kuipita New York. Nakumbuka makala za wakati ule zilizotangaza kwamba zama zimegeuka, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioziamini. Nusu mwaka baadaye mabenki yakaanza kuanguka, na toleo la 2009 likatoka na majina 793 badala ya 1,125, huku Warusi wakipungua kutoka 87 hadi 32. Anil Ambani, aliyekuwa na dola bilioni 42 katika orodha ile, Februari 2020 aliieleza mahakama moja ya London kupitia wakili wake kwamba thamani ya mali yake ni sifuri.

Linganisha hilo na 2025. India ina mabilionea 205, idadi ya tatu duniani baada ya Marekani yenye 902 na China yenye 516 pamoja na Hong Kong, lakini hakuna Mhindi hata mmoja kwenye kumi bora. Kumi bora hiyo ni ya Wamarekani wanane, Mfaransa mmoja na Mhispania mmoja, Amancio Ortega. Maana yake ni kwamba safu moja inasimulia habari mbili zinazokwenda njia tofauti: kilele kimekuwa cha taifa moja kuliko kilivyokuwa 2008, ilhali mlima wenyewe umezidi kuwa wa mataifa mengi. Mwandishi wa habari anayetaka kichwa cha habari huchagua anachokitaka kati ya hizo mbili, na hatakuwa amesema uongo. Hiyo naihesabu kuwa dosari ya matumizi zaidi kuliko ya bidhaa, ila bidhaa inaichochea kwa jinsi inavyoziweka nafasi kumi za kwanza kwa picha kubwa na kuwaacha waliobaki elfu tatu kwenye jedwali.

Kilele kina tabia ya kudanganya kwa namna nyingine pia. Kuanzia 2010 hadi 2013 kiti cha kwanza kiliandikwa Mexico, mara ya kwanza tangu 1994 kwa asiyekuwa Mmarekani kukikalia, na wapo waliosoma hapo kuinuka kwa uchumi wa Amerika ya Kusini na ya Kati. Aliyekuwa ameinuka ni Carlos Slim, mtoto wa mhamiaji kutoka Lebanon aliyefika Mexico 1902, na ngazi yake ilikuwa kampuni ya simu ya taifa, Telmex, iliyobinafsishwa mwishoni mwa 1990. Mwaka 2023 na 2024 kiti kikaandikwa Ufaransa kwa jina la Bernard Arnault, mwenye maduka ya mikoba ya kifahari ya Louis Vuitton. Huyu ndiye mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu 2012 Arnault aliomba uraia wa Ubelgiji, wananchi wenzake wakamjia juu, na 2013 akaliondoa ombi lake. Kama lingekwenda hadi mwisho, karani anayejaza safu ya nchi angekuwa na kazi ya kuchagua, na pengine watoto wa shule wangekariri kwamba Mbelgiji ndiye tajiri wa dunia bila duka hata moja la mikoba kuhama mtaa.

Sasa kuhusu kanuni. Safu ya nchi hujazwa kwa uraia. Kwa msomaji wa Tanzania, ambaye sheria yake haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, kanuni hiyo inaonekana safi: mtu mmoja, pasi moja, nchi moja. Jirani yetu Mkenya, aliyeruhusiwa uraia pacha na Katiba ya 2010, ataanza kukuna kichwa. Elon Musk, aliyekuwa kwenye kiti cha kwanza 2022 na akakirudia 2025 kwa dola bilioni 342, alizaliwa Pretoria 1971, akapata uraia wa Canada kupitia mama yake, na akawa Mmarekani 2002. Kijiweni kwetu jambo hili lilizua mjadala wa asubuhi nzima. Kijana mmoja wa bodaboda alimwambia muuza kahawa, "Mzee, huyu Musk ni mwenzetu, kazaliwa Pretoria, Mwafrika kabisa." Mzee akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye birika, "Siku akija kuomba kitambulisho cha NIDA, mwanangu, uniite niwe shahidi." Kwa kanuni ya Forbes, mzee ndiye aliyeshinda.

Lakini kanuni hiyo hiyo inamwandika Eduardo Saverin kuwa Mbrazili, mtu aliyepata mali yake kwa hisa za Facebook iliyozaliwa Marekani, akaukana uraia wa Marekani 2011, na anaishi Singapore. Inamwandika Roman Abramovich kuwa Mrusi, ingawa mmiliki huyo wa zamani wa Chelsea ana uraia wa Israel tangu 2018 na wa Ureno tangu 2021, na safu ina nafasi ya neno moja. Baada ya vita vya Ukraine kuanza 2022, wakwasi kadhaa waliozaliwa Urusi, akiwemo Yuri Milner, Oleg Tinkov na Nikolay Storonsky, waliukana uraia wa huko. Urusi ikapungukiwa na majina, na mataifa mengine yakaongezewa, bila mtu kufungua wala kufunga kiwanda. Mtu akichora mchoro wa mataifa ya matajiri mwaka hadi mwaka, wino wa watu hawa utaonekana kama uchumi wakati ni makaratasi ya uhamiaji.

Forbes wenyewe wanajua kwamba uraia hautoshi, na ushahidi uko kwenye orodha yao ya Afrika, inayotoka kando ya ile kubwa. Huko kanuni ni nyingine: anaingia anayeishi Afrika au ambaye biashara yake kuu iko Afrika. Kwa kanuni hiyo Strive Masiyiwa, raia wa Zimbabwe anayeishi London, yumo, kwa sababu mitambo yake ya mawasiliano iko barani. Mo Ibrahim, aliyezaliwa Sudan na kuwa raia wa Uingereza, hayumo.

Hapo mimi husita, kwa sababu ninayo laini ya simu inayoanzia 0784 niliyoinunua enzi za Celtel. Celtel ilianzishwa na Mo Ibrahim 1998. Nilikuwa nakwangua vocha kwa ukucha, au kwa sarafu kama ukucha umekatwa, na vumbi la kijivu linabaki kwenye kidole hadi jioni. Mwaka 2005 kampuni ikauzwa kwa Wakuwait kwa dola bilioni 3.4, siku moja mabango yakabadilika rangi na jina likawa Zain, na 2010 Wakuwait nao wakaiuza biashara yao ya Afrika kwa Bharti Airtel ya Mhindi Sunil Mittal kwa dola bilioni 10.7. Namba yangu haikubadilika, mnara ulioko nyuma ya shule haukuhamishwa, na mimi niliendelea kununua muda wa maongezi dukani kwa mama yuleyule. Fedha zilizotoka kwenye simu moja, hata hivyo, zimehesabiwa kwanza upande wa Uingereza, kwa jina la Msudani, na sasa zinachangia mstari wa India. Hakuna toleo la Forbes ambamo zimewahi kusaidia safu iandike jina la nchi ambako vocha ilikwanguliwa. Sisemi kwamba hilo ni kosa la kihesabu. Kanuni imefuatwa sawasawa. Nasema kwamba msomaji wa kwetu anayeitazama safu hiyo ili ajue fedha za dunia zinatoka wapi atakuwa ametazama pasipo.

Kuna pia mkono wa mhariri. Wafalme na watawala ambao mali yao inatokana na kiti chao hawaingizwi, na ndiyo maana Sultani wa Brunei, ambaye jarida la Fortune liliwahi kumweka juu ya matajiri wote, haonekani. Mwaka 2018 Wasaudi wote kumi waliondolewa kwa pamoja, kufuatia kamatakamata ya wakwasi wa huko ya Novemba 2017 iliyoacha shaka kuhusu nani alibaki na nini. Toleo la 2025 likawarudisha, safari hii wakiwa 15. Mtu asiyejua habari hiyo atadhani Saudi Arabia ilifilisika kwa miaka saba kisha ikaokota mafuta upya. Uamuzi wa kuwaondoa ulikuwa wa busara na jarida lilieleza sababu zake, lakini maelezo hayo yako kwenye makala za mwaka ule, si kwenye jedwali analolichukua mchora takwimu.

Washindani wapo. Bloomberg ina watu 500 na huhesabu kila siku ya soko tangu 2012, jambo zuri kwa anayefuatilia hisa na lisilo na faida kwa anayeuliza habari za mataifa, kwa kuwa nchi ndogo hazifiki huko. Hurun, iliyoanza 1999 kwa kuorodhesha matajiri wa China, huwaona Wachina kwa karibu zaidi. Gazeti la Sunday Times la London linahesabu pia wakazi wa Uingereza, na kwa hiyo Lakshmi Mittal aliiongoza orodha yao kuanzia 2005 hadi 2012 ilhali Forbes walikuwa wakimhesabu Mhindi. Mtu mmoja, mwaka mmoja, bendera mbili, na orodha zote mbili zikiwa sahihi kwa kanuni zao.

Kama kumbukumbu ya karibu miaka arobaini, Forbes naipa nyota nne kati ya tano, kwani hakuna mwingine aliyehesabu dunia kwa utaratibu unaofanana kwa muda mrefu hivyo. Kama jibu la swali la taifa gani limetajirika, naipa mbili. Anayetaka kuitumia kwa kazi hiyo asome safu ya nchi pamoja na ya chanzo cha utajiri, afungue ukurasa wa kila jina lililo kwenye kumi bora aone anapoishi, na aweke pembeni kiwango cha fedha cha siku ya hesabu.

Ombi langu kwa watengenezaji ni kuigawa safu hiyo iwe tatu: alipozaliwa mtu, anapoishi, na mahali fedha zake zinakotoka. Kwa Arnault kazi itakuwa nyepesi katika mbili za kwanza na ndefu katika ya tatu. Kwa Dewji zote tatu zitaanza na Tanzania. Kwa Mo Ibrahim zitaandikwa Sudan, kisha Uingereza, na katika ya tatu, kati ya Kongo, Uganda na Zambia, ningetaka kuiona nchi yenye laini yangu ya 0784.